Jinsi ya Kumpata Mwongoza Watalii Anayewapokea Wapenzi wa Jinsia Moja Mjini Sighișoara

Sighișoara ni mji mdogo wa Transilvania, nchini Romania, ambao ngome yake ya kale, iliyojengwa na Wasaksoni, walowezi wa Kijerumani, na kuingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1999, bado ina wakazi wake. Nyumba zimebanana na majirani wanajuana, kwa hiyo wapenzi wawili wa jinsia moja wanaofika hapo wanahitaji mwenyeji anayejua historia na pia anayewajua watu.

Romania ilifuta mwaka 2001 kifungu cha sheria kilichowaadhibu wapenzi wa jinsia moja, na ubaguzi dhidi yao umekatazwa tangu mwaka 2000. Hata hivyo, sheria za nchi haziitambui ndoa yao wala muungano wao wa aina nyingine, na katika miji midogo wengi wao huishi kwa tahadhari. Usitarajie, basi, kumkuta mwongoza watalii aliyejitangaza waziwazi mjini humo. Anza kutafuta Bucharest, ambako shirika la ACCEPT limetetea haki zao tangu mwaka 1996, au Cluj-Napoca, ambako maandamano ya Pride, ya kudai haki za wapenzi wa jinsia moja, yalianza mwaka 2017, kisha uulize ni nani anayeaminika huko Sighișoara.

Ukishapata jina, mwandikie kabla ya kulipa chochote, umweleze kwa adabu na bila kuzunguka kwamba mnasafiri mkiwa wapenzi. Usiridhike na jibu la "karibuni, hakuna shida", kwa maana hilo humgharimu mtu maneno matatu tu. Muulize atawatambulisha vipi kwa mwenye nyumba ya wageni, na kama yuko tayari kupiga simu mwenyewe kuagiza chumba chenye "pat matrimonial", yaani kitanda kimoja kikubwa cha watu wawili, badala ya "două paturi", ambavyo ni vitanda viwili. Kwangu mimi swali hilo la kitanda ndilo kipimo bora kuliko vyote: anayelijibu mara moja, akataja na nyumba anayoifahamu, amekwisha kuifanya kazi hiyo, anayelikwepa atawaacha mkijieleza wenyewe mapokezini usiku, na mizigo mikononi.

Mwombe pia akuonyeshe cheti chake cha kazi, kinachoitwa "atestat", na mkubaliane kwa maandishi saa, malipo kwa lei, yaani sarafu ya Romania, na nani atalipa viingilio. Mweleze mapema kama hamtaki picha zenu ziwekwe mtandaoni, na kama kuna ndugu au mwajiri asiyepaswa kujua mlipo; Mswahili mwenye jamaa nyumbani hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili.

Siku ya matembezi, mwachieni aamue wapi mnaweza kushikana mikono na wapi ni afadhali kusubiri, lakini akitaka mwongope kwamba ninyi ni ndugu hali hamkukubaliana hivyo, mna haki ya kukataa. Atawapitisha chini ya Mnara wa Saa, awaonyeshe nyumba ambamo inasemekana alizaliwa Vlad Țepeș, mtawala wa kale anayejulikana pia kama Dracula, kisha awapandishe ile Ngazi Iliyofunikwa ya mwaka 1642, yenye vidato zaidi ya 170 chini ya paa la mbao, hadi kwenye Kanisa la Kilimani. Pandeni polepole, kwa sababu humo ndani ya kivuli ndimo mtakapopata nafasi ya kumuuliza maisha ya watu kama ninyi yakoje mjini humo.