Mchanga na mwanga kwa samaki wa Ziwa Nyasa

Ukitaka kufuga samaki wa Ziwa Nyasa kwenye tangi la kioo hapa Mbeya, shughulikia mchanga kabla hujanunua samaki. Mbuna, yaani samaki wadogo wanaoishi kwenye miamba ya ziwa, hawasumbui. Ila wale wa mchangani huuchota mdomoni, wakauchekecha, wakautoa kupitia matamvua. Mchanga wa kusaga una ncha, utawachuna. Tafuta wa mtoni, ule ambao ukiusugua kiganjani haukwaruzi. Kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha.

Uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Kwa sisi wa upande wa Rungwe, kwenye volkano, utaona vijiwe vyepesi vinaelea. Vienguliwe vyote, vitakuja kuziba chujio. Kuna wanaodondoshea siki, wakiona povu wanamwaga mchanga wote. Wa nini kuumwaga? Povu ni dalili ya chokaa, nayo hupandisha pH (kipimo cha uasidi na ubesi wa maji). Haina shida, maji ya Nyasa yenyewe ni ya besi, pH karibu 8.

Mwanga usizidi. Mchanga mweupe chini ya taa kali huwapausha samaki na kuwafanya wajifiche. Mimi nachagua wa kahawia na LED hafifu, saa 8 kwa siku, mbali na dirisha ili mwani usitande. LED haipashi maji, kwa hiyo Juni na Julai hita ni lazima, nyuzi 24 hadi 26. Asubuhi washa kwanza taa ya chumba, ndipo ya tangi. Wakishtuliwa gizani hujigonga kwenye kioo.