Mtu kaungua, utajuaje ni kiasi gani?

Huku Mbeya Juni na Julai baridi kali, jiko la mkaa linaingizwa ndani (hatari nyingine hiyo), watoto wanalizunguka, sufuria inapinduka. Kwanza mwagia palipoungua maji ya bomba dakika 20, dawa ya meno wekeni pembeni jamani, na sehemu nyingine za mwili zifunike blanketi maana mtoto anapoa haraka.

Alafu kadiria. Kiganja pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili, ila kiganja cha mgonjwa mwenyewe sio chako, hapa wengi wanakosea, kiganja cha mama juu ya mtoto wa miaka 2 kinaharibu hesabu yote. Palipobadilika rangi tu na kuuma bila malengelenge usipahesabu.

Mtu mzima akiungua eneo kubwa, kichwa na shingo ni asilimia 9, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo na makalio 18, sehemu za siri 1. Mtoto mdogo kichwa chake ni kama 18, kila mguu 14.

Mtoto akiungua kufika asilimia 10 ya mwili au mkubwa asilimia 15 anahitaji dripu, usingoje kukuche, tafuta bajaji. Uso, viganja, sehemu za siri au kavuta moshi, nenda hata kama ni padogo. Na kariri saa aliyoungua umwambie daktari, kwa sababu nusu ya dripu ya masaa 24 ya kwanza inatakiwa iingie ndani ya masaa 8 kuanzia alipoungua, sio mlipofika hospitali.