Namna ya Kulinganisha Ukakamavu wa Chasisi za Magari ya Kujiundia Kabla ya Kuyaingiza Mbioni

Karibu kila mteja anayefika kwenye gereji yetu hapa Nakuru akiwa na picha za chasisi mbili, yaani viunzi vya chuma vinavyobeba gari, kwenye simu huuliza ni ipi iliyo na nguvu zaidi, na karibu kila mara huwa tayari amejijibu kwa kutazama unene wa chuma. Swali lenyewe lina maswali mawili ndani yake, na yasipotenganishwa hakuna kipimo kitakachosaidia. La kwanza ni nguvu, yaani mzigo ambao chasisi itaubeba kabla ya kupinda moja kwa moja au kukatika. La pili ni ukakamavu, yaani kiasi inachojisokota ikiwa chini ya mzigo kisha kurudi ilivyokuwa. Katika gari la mbio za mzunguko, ukakamavu wa msokoto ndio unaoamua iwapo gari litamtii dereva kwenye kona, na ndio nitakaoueleza kwa kirefu.

Sababu yake ni kwamba chasisi ni springi iliyounganishwa kwa mfululizo na springi za magurudumu. Ikiwa ukakamavu wake ni mara 10 ya ule wa saspensheni, yaani mfumo wa hizo springi za magurudumu, utapoteza takribani asilimia 9 tu ya ugumu uliokusudia, lakini ikiwa zinalingana utapoteza nusu. Ndiyo maana fundi anaweza kubadilisha springi za mbele mara tatu bila gari kuonyesha tofauti yoyote: marekebisho yake yote yanamezwa na kiunzi kinachojinyonga katikati.

Kabla ya kushika kipimo, chunguza kwa macho. Viunzi vingi vya magari haya vinafuata umbo la Lotus Seven, gari ambalo Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alilitoa Uingereza mwaka 1957 na ambalo haki zake zilichukuliwa na kampuni ya Caterham mwaka 1973, na mabomba yake kwa kawaida ni ya mraba, ya upana wa milimita 25 na ukuta wa milimita 1.6. Tafuta pembetatu. Mraba wa mabomba manne usio na bomba la mshazari hulemaa kama kitanda cha kamba kilicholegea viungo, hata ungechomelewa na fundi hodari kiasi gani. Sehemu dhaifu mara nyingi ni mbili: nafasi ya injini, ambayo juu yake huachwa wazi ili injini iingie na kutoka, na nafasi anapoketi dereva. Angalia pia kama handaki la shafti katikati ya viti limefunikwa juu, na kama bati la sakafu limeshikwa kwa gundi na ribiti za karibu karibu, kwa sababu bati lililoshikwa vyema hufanya kazi ya mshazari.

Hapa ndipo hadithi ya unene inapowapotosha watu. Ukiongeza ukuta wa bomba mara mbili, uzito unakuwa mara mbili na ukakamavu wake wa msokoto nao unakuwa takribani mara mbili. Ukiongeza upana wa bomba mara mbili huku ukuta ukibaki ule ule, uzito unakuwa mara mbili vilevile, lakini ukakamavu unakuwa mara nane. Bomba kufungwa pande zote kuna maana kubwa zaidi: lile la milimita 25 nililolitaja, likipasuliwa ufa mwembamba urefu wake wote, hupoteza ukakamavu kiasi cha kubaki na sehemu 1 kati ya 160. Yeyote aliyewahi kufuata lori la miwa kwenye barabara za Mumias ameona jambo hili kwa macho yake, kwani chasisi yake ya chaneli zilizo wazi, yaani vyuma vya umbo la U, hujisokota kila gurudumu linapoingia shimoni. Kwa lori hiyo ni sifa nzuri. Kwa gari la mbio ni kasoro.

Muuzaji akikusifia chuma ghali chenye kromiamu na molibdenamu, msikilize kwa heshima, kisha ukumbuke kwamba aina zote za chuma zina ukinzani wa kunyumbuka (ugumu wa asili wa metali dhidi ya kuvutwa au kupindwa) unaokaribiana, wa takribani gigapaskali 200, ilhali alumini ina takribani 70. Chuma ghali kitachelewa kupinda moja kwa moja, na hilo lina thamani yake, lakini kwa mabomba ya vipimo vile vile hakiongezi ukakamavu hata kidogo.

Sasa kipimo chenyewe. Ondoa injini na springi katika chasisi zote mbili, na uhakikishe kwamba mabati ama yamefungwa kwa zote au hayapo kwa zote. Funga sehemu mbili za nyuma zinaposhika shokabzoba kwenye nguzo nzito zilizofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji. Mbele, laza kipande cha bomba la duara chini ya katikati ya chasisi, kikielekea urefu wa gari, ili sehemu ya mbele iweze kubembea kushoto na kulia. Kisha funga boriti ya chuma inayokatiza sehemu za mbele za shokabzoba na kujitokeza upande mmoja hadi mita 1.5 kutoka katikati. Huo ndio wenzo wako, na mzigo wake utakuwa mitungi ya maji ya lita 20, kila mmoja ukiwa umepimwa kwenye mizani pamoja na uzito wake mtupu. Wenzo nao una uzito, kwa hiyo usomaji wa sifuri uchukuliwe baada ya kuufunga.

Weka geji mbili za mshale, zile za kupima msogeo mdogo wa milimita, mbele, moja kila upande, zikiwa mita 1 baina yake, na nyingine mbili nyuma kwenye vishikio. Hizi za nyuma wengi huziruka. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilifunga nyuma ya chasisi kwenye meza ya kuchomelea, na chasisi mbili zisizofanana hata kidogo zikanipa majibu yaliyokaribia kuwa sawa. Ilinichukua nusu siku kutambua kwamba nilikuwa nikipima miguu ya meza. Asiye na geji anaweza kufunga tochi ya leza kwenye chasisi, ikimulika ubavuni kukatiza gari hadi ukuta ulio mita 5 mbali, na kuweka alama za penseli mahali nukta inaposogea.

Pakia mzigo mara moja na kuuondoa bila kuandika chochote, ili viungo vitulie. Kisha pakia kilo 20, 40 na 60, ukiandika kila hatua, na uandike tena unapopunguza. Tuseme kilo 40 zimening'inia mita 1.5 kutoka katikati: hizo ni takribani niutoni-mita 589 za nguvu ya kusokota. Upande mmoja umeshuka milimita 2.6 na mwingine umepanda 2.4, jumla 5.0 katika mita 1, ambayo ni digrii 0.286. Gawanya, upate takribani niutoni-mita 2,050 kwa digrii. Lakini kama geji za nyuma zimeonyesha jumla ya milimita 0.4 kuelekea upande ule ule, msokoto halisi ni wa milimita 4.6, na jibu linapanda hadi 2,230 hivi. Tofauti hiyo inatosha kumpa ushindi asiyestahili.

Usomaji wa kushuka usiporudi kwenye sifuri, kuna bolti inayoteleza au ufa unaofunguka, na kipimo hicho hakifai hadi kasoro ipatikane. Usomaji ukirudi vizuri, sogeza geji kwenye ukuta wa dashibodi, kisha nyuma ya kiti, na uchore msokoto wa kila mahali dhidi ya urefu wa gari. Mahali mstari unapopanda ghafla ndipo chasisi inapojinyonga, na bomba moja la mshazari lililowekwa hapo huwa na faida kuliko kilo 10 za chuma zilizotawanywa kila mahali. Binafsi naona mchoro huu una thamani kuliko ile tarakimu moja ya mwisho ambayo watu hupenda kujigamba nayo.

Katika kulinganisha, pima uzito pia. Chasisi ya kilo 70 yenye 2,060 kwa digrii inatoa takribani 29 kwa kila kilo, na ya kilo 48 yenye 1,500 inatoa takribani 31. Mimi ningeichukua hiyo nyepesi na kuitilia mabomba machache. Kama urefu baina ya ekseli unatofautiana, kumbuka kwamba kiunzi kirefu hujisokota zaidi hata kikiwa kimeundwa kwa ustadi ule ule. Tarakimu ya muuzaji isiyoeleza ilipimwaje, na kama mabati yalikuwepo, isiingizwe kwenye hesabu.

Kuhusu nguvu, usiijaribu kwa kupakia mizigo hadi kitu kivunjike. Kagua vishikio vya saspensheni, vya mikanda ya usalama na vya upinde wa kumkinga dereva gari likipinduka, kwa kuosha vumbi kwanza, kisha kupaka rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa. Kwa chasisi iliyokaa Kisumu, karibu na unyevu wa ziwa, gonga mabomba ya chini kwa nyundo ndogo na usikilize, kwa kuwa kutu huanzia ndani. Ukuta ulioliwa kutoka milimita 1.6 hadi 1.2 umepoteza takribani robo ya ukakamavu wake wa msokoto.

Ukimaliza, tia alama za rangi pale geji zilipogusa na uhifadhi daftari. Baada ya msimu wa mbio rudia kipimo kwa mitungi ile ile na wenzo ule ule. Ikiwa tarakimu imeshuka, anza kutafuta ufa katika sehemu ambayo mstari wa mchoro umebadilika.