Kuanzisha kilima cha skii cha kijiji: anza na kamba

Kilima kidogo cha skii, yaani cha kuteleza juu ya theluji kwa mbao za miguuni, kinahitaji mteremko, theluji, na kitu cha kumrudisha mtu juu. Huko Vermont, Marekani, hilo la tatu lilipata jibu Januari 1934 mjini Woodstock, kwenye malisho ya mkulima Clinton Gilbert: injini ya Ford Model T ilizungusha kamba iliyoungwa ncha kwa ncha, watu wakaishika, wakavutwa hadi juu. Miaka miwili baadaye kilima cha Northeast Slopes kilianza kijijini East Corinth, na hadi leo kinaendeshwa na watu wa kujitolea. Kamati inayoanza leo ifuate njia hiyohiyo. Lifti ya viti huja na deni, na majira mamoja yasiyo na theluji yanatosha kuifilisi.

Tafuta mteremko unaotazama kaskazini au kaskazini mashariki, jua lisije likala theluji mapema. Kwa wanaojifunza, kila mita 100 za mwendo zipande mita 15 hadi 25. Njia ya kamba iwe imenyooka, tena isiwe na mabonde wala vichuguu. Penye kichuguu kamba inasugua ardhi na kulika. Penye bonde inainuka, na mtoto anajikuta ananing'inia. Fukia na kusawazisha wakati wa kiangazi. Ng'oa mawe, chimba mitaro ya kukinga maji, na majani yafyekwe yawe mafupi kabla ya theluji ya kwanza. Juu ya nyasi fupi, sentimita 15 hadi 20 za theluji iliyoshindiliwa zinatosha kufungua. Penye mawe hata mara mbili ya hizo hazitoshi.

Kwa njia ya mita 200 andaa kamba ya mita 400 na zaidi kidogo, kwa ajili ya magurudumu na maungio. Zamani ilikuwa manila, nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba. Inashikika vizuri mkononi, lakini inakunywa maji, inakuwa nzito, na urefu wake hubadilika ikilowa au kukauka. Ndiyo maana gurudumu la upande mmoja huwekwa juu ya reli na kuvutwa na pipa la mawe linaloning'inia: kamba ikilegea pipa linashuka, ikikaza linapanda. Maungio yawe marefu, ya mita kadhaa, nyuzi zikisukwa ndani ya nyuzi mpaka unene ulingane na kamba nyingine. Fundo au maungio mafupi hugonga kapi kila mzunguko na kumtoa mtu mkono.

Mtambo wa gari kuukuu unafaa kwa sababu hesabu zake zinakubali. Injini ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika, gia ya kwanza na difu (gia za ekseli zinazogawa mwendo kwa magurudumu mawili) kwa pamoja zikaipunguza mara 14, gurudumu linabaki na mizunguko 107 hivi. Rimu yenye kipenyo cha sentimita 40 kwenye mfuo hapo inavuta kamba mita 2.2 kwa sekunde, mwendo ambao anayeanza anaumudu. Lakini ukizuia gurudumu moja na kuacha lingine lizunguke, difu inaongeza mwendo wake mara mbili, na mita 4.5 kwa sekunde zitamng'oa mtoto glavu. Chomea difu ifunge. Kuhusu nguvu, mtu wa kilo 80 kwenye mteremko wa asilimia 20 anahitaji mvuto wa karibu kilo 20. Watu kumi kwa pamoja ni kama kilowati 4, ukiacha msuguano wa kamba na makapi. Injini ya kilowati 15 ina akiba ya kutosha.

Sasa usalama, na hapa hakuna mjadala. Kamba hujisokota inapokwenda, kwa hiyo skafu, nywele ndefu na nyuzi za koti hunaswa na kumvuta mwenye nazo hadi kwenye gurudumu. Mbele ya mahali pa kuachia weka waya au fito inayokatiza njia, iliyounganishwa na swichi ya kuzima injini. Iwe mbali na gurudumu kuliko umbali ambao kamba inaendelea kukimbia baada ya kuzimwa. Pima umbali huo kamba ikiwa tupu, kwa sababu bila mzigo inachelewa kusimama. Kila asubuhi, kabla ya mtu wa kwanza, isukume swichi kwa fimbo uone injini inazima. Mwangalizi mmoja akae chini na mwingine juu, kila mmoja na swichi yake.

Jioni inua kamba uitundike juu ya miti. Ikilala chini itagandia kwenye theluji, na injini ikiwashwa asubuhi itaikata au itateleza kwenye rimu hadi iungue.

Kabla ya kuuza tiketi, pata bima na ukaguzi. Vermont ina bodi ya serikali inayosimamia mitambo ya kubeba abiria vilimani, na kamba za kukokota zimo. Tiketi za msimu ziuzwe kabla ya baridi, maana bima haisubiri theluji. Kuhusu umiliki, mfano mzuri ni Cochran's mjini Richmond, Vermont: familia ilianza na kamba nyuma ya nyumba mwaka 1961, na 1998 kilima kikawa shirika lisilo la faida, likiweza kupokea michango.

Theluji ya kutengeneza iache kwanza. Kufunika hekta moja kwa sentimita 30 kunameza karibu mita za ujazo 1,400 za maji, na mabomba na pampu zake hugharimu kuliko kamba nzima.