Programu imeganda kwenye kompyuta ya mbali? Ifunge hivi kabla hujakimbilia kurestati

Hii ni kwa nyie mnaokaa Tanga mjini ila kompyuta mnayofanyia kazi iko kwingine, mfano mhasibu yupo zake Ngamiani na mashine yenye mahesabu ya shamba la mkonge iko Korogwe, au ofisi ya kutoa mizigo pale karibu na bandari inaingia kwenye seva iliyopo Dar. Kompyuta iliyo mezani kwako ikigoma kabisa unashika kitufe cha kuwashia mpaka inazima, imeisha. Ya mbali huna mkono wa kuifikia, kwa iyo inabidi ujue kuifunga ile programu peke yake bila kuangusha mashine nzima, na ujue pia kitufe unachobonyeza kinaenda kompyuta ipi maana hapo ndo watu wengi wanapopotea.

Kwanza hakikisha ni programu kweli. Bonyeza Start ya kule, ikifunguka ujue mtandao uko sawa na mashine ni nzima, iliyoganda ni programu tu. Kama hakuna kinachofunguka, saa ya kule kwenye kona haibadiliki au skrini imefifia inaandika inajaribu kuunganisha upya, mara nyingi hilo ni tatizo la mtandao, wako au wa upande wa pili, usiue kazi bure. Funga dirisha la Remote Desktop (ile programu ya Windows ya kuingilia kompyuta ya mbali) kwa ile X alafu ingia tena. Kufunga kwa X hakuzimi kitu, ulichofungua kinabaki wazi kule (labda msimamizi wa seva awe ameweka muda wa kukata), tofauti kabisa na Sign out ambayo inafunga kila kitu chako.

Cha pili, angalia kama kuna kidirisha kimejificha nyuma. Mara nyingi programu haijaganda, inasubiri ujibu swali ambalo hulioni, kama vile usevu au usisevu. Sasa ukibonyeza Alt+Tab na Remote Desktop haijajaza skrini, itakubadilishia madirisha ya kompyuta yako wewe, sio ya kule. Tumia Alt+PageUp, hiyo inazungusha madirisha ya kule. Na kama imeganda wakati unaprinti, angalia printa iliyochaguliwa, Excel na Word zinaweza kukwama zikitafuta printa ambayo haipatikani tena.

Umeangalia yote na bado imestaki? Haya, tufungue Task Manager ya kule, ile orodha ya programu zinazotembea ambapo unaweza kuzifunga. Ctrl+Alt+Del usiisumbue, hiyo inachukuliwa na kompyuta iliyo mbele yako hata ufanyeje. Kwenye Remote Desktop bonyeza Ctrl+Alt+End, itatokea skrini ya kule yenye menyu fupi, chagua Task Manager. Kama unaingilia kwa AnyDesk au TeamViewer badala ya Remote Desktop, tafuta menyu ya vitendo juu ya dirisha, kuna sehemu ya kutuma Ctrl+Alt+Del, bonyeza hiyo. Ctrl+Shift+Esc nayo inafanya kazi ila ijaze skrini kwanza, la sivyo utafungua Task Manager yako mwenyewe na uanze kushangaa mbona hiyo programu haimo kwenye orodha.

Ukishaiona programu imeandikwa Not Responding usikimbilie kuiua saa hiyohiyo. Angalia safu ya CPU na ya disk, kama namba zinacheza basi kuna uwezekano bado inapiga kazi, faili kubwa la Excel lenye fomula nyingi linaweza kukaa dakika kadhaa halijibu alafu likarudi lenyewe bila kupoteza kitu. Ipe muda. Kama namba zimekaa sifuri tu muda mrefu, ichague, bonyeza End task. Excel na Word kwa kawaida zinajisevia nakala ya dharura kila dakika 10, kwa iyo ukifungua tena soma ile orodha ya mafaili yaliyookolewa inayotokea pembeni kabla hujaifunga, usiipuuze jamani, kazi yako inaweza kuwa imo humo.

End task ikigoma, fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandika amri) hukohuko kwenye kompyuta ya mbali uandike tasklist, utaona majina na PID, yaani namba ya utambulisho, ya kila kitu kinachotembea. Alafu andika taskkill /PID 4312 /F, hiyo 4312 ni mfano, weka namba yako. Ukiongeza /T inaondoka pamoja na vile vitoto ilivyovizaa, yaani programu nyingine ilizozifungua yenyewe.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Wengi wanafundishana taskkill /IM excel.exe /F kwa sababu ni rahisi kukariri. Kwenye kompyuta ya mtu mmoja sawa, lakini kwenye seva mnayoingia watu wengi na wewe una haki za msimamizi, amri hiyo inafunga Excel za wote, mwenzako aliyekuwa katikati ya mishahara anapoteza kazi na hajui nini kimempata. Tumia PID, na kwenye Task Manager fungua Details uone safu ya User name ujue unayoiua ni ya kwako.

Ukiua kitu alafu skrini ikabaki tupu bila upau wa chini, umegusa explorer, ile programu inayoonyesha desktop na upau huo. Rudi Task Manager, Run new task, andika explorer.exe, itarudi.

Kama kule ni Linux na unaingia kwa ssh (njia ya kuingia kwa kuandika amri tu), tafuta namba kwa ps aux, anza na kill na namba yake ili ipate nafasi ya kujifunga vizuri, ikikataa ndo uende kill -9.

Yote yakishindikana, restati, ila waulize kwanza wengine waliomo wasevu. Amri ya kuandika kwenye cmd ya kule ni shutdown /r /f /t 0. Angalia hiyo r, ukiandika s mashine inazima moja kwa moja na mtu itabidi apande gari mpaka Korogwe kwenda kubonyeza kitufe. Kama unatumia AnyDesk hakikisha mapema imewekewa nywila ya kuingia bila mtu kukubali upande wa pili, maana ikiwaka tena hakuna wa kukubonyezea Accept. Ikichelewa kurudi usimpigie mlinzi aende kuizima, inaweza kuwa Windows inamalizia kusasisha na kukata umeme katikati kunaweza kuharibu mfumo mzima.