Namna ya kumwonyesha mgeni Kanisa la Mtakatifu Yosefu

Mgeni akinijia kutoka bara, safari yetu ya kwanza mjini Dar es Salaam ni St. Joseph, kanisa la Kikatoliki. Ila simpeleki moja kwa moja. Tunavuka kwanza Kigamboni na pantoni, tunageuza. Mkiwa katikati ya maji, mwambie atafute minara miwili: wa kanisa la Kilutheri la Azania Front wenye vigae vyekundu, na wa Mtakatifu Yosefu uliochongoka, ambao siku hizi maghorofa ya Bandari yanaufunika. Ujenzi ulianza 1897 ukaisha 1902, enzi za Wajerumani, na kanisa likaelekezwa bandarini. Ndiyo maana nataka mtu alione kwanza kutoka majini.

Mkishuka Feri, msipande bajaji. Fuateni Barabara ya Kivukoni kwa miguu, na njiani msimulie habari za Pugu, nje kidogo ya mji. Wamisionari Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifungua kituo chao huko 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, kikavamiwa na kuchomwa, baadhi yao wakauawa. Waliobaki kazini walihamia hapa pwani. Bila habari hiyo, mgeni ataona jengo zuri tu.

Jumapili nendeni kusali, si kutembea. Jumamosi mnaweza kukuta harusi; subirini nje. Mabega yafunikwe, kanga inatosha, na picha ombeni ruhusa.

Ndani, msikimbilie madhabahu. Kaeni benchi la nyuma mpaka macho yazoee, kisha inueni vichwa muone matao yanavyokutana juu kwa ncha. Halafu sogeeni taratibu mpaka kwenye vioo vya rangi na michongo iliyo juu ya madhabahu. Kuna maandishi ya Kijerumani ya tangu zamani. Mpwa wangu wa darasa la nne aliyasoma yote kwa matamshi ya Kiswahili, kidole hewani, herufi moja moja, akaniuliza nani aliyaandika na kwa nini hayakufutwa. Tulikaa pale karibu nusu saa kwa swali hilo. Mwache mgeni naye aulize.

Mkitoka, malizieni Boma la Kale, hatua chache tu kwenye Sokoine Drive. Lilijengwa kwa mawe ya matumbawe zama za Sultani Majid wa Zanzibar, miaka thelathini hivi kabla ya kanisa. Mwoneshe mlango wake wa nakshi za Kizanzibari, mwambie aupapase.