Unameza dawa ya chunusi? Angalia na glasi ya pombe

Kama umeandikiwa isotretinoini, mwambie daktari ukweli kuhusu pombe, hata kama ni bia mbili tu za wikendi. Dawa hiyo yenyewe inaweza kupandisha mafuta kwenye damu na kulisumbua ini, na pombe nayo ni vivyo hivyo. Salama zaidi ni kuacha pombe kabisa mpaka umalize dozi. Na tafadhali, usiguse pombe ndani ya saa 36 kabla ya kupimwa damu: mafuta yataonekana yamepanda, na unaweza kupunguziwa dozi bila sababu. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza ya chunusi, haina ukali huo, ila kwa mnywaji wa kila siku huisha mwilini mapema, chunusi zikabaki palepale. Benzoili peroksaidi ya kupaka haigombani na pombe.